Mwanahisabati Akiweka Kalamu Chini: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Kwenye mabaraza ya Mji wa Kale wa Mombasa, mtu akitajwa kuwa mwanahisabati huwa ameshachorewa sura kabla hajafika: mkimya, hana habari ya mpira wala taarabu, na hata akishika kikombe cha kahawa chungu hesabu zinampitia kichwani. Sura hiyo imeungwa kwa dhana kadhaa ambazo hazipatani na maisha ya wanahisabati wanaojulikana.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba hisabati humteka mtu asubuhi hadi usiku, asibakiwe na nafasi ya jambo jingine. Ukweli ni kwamba akili inayokabili uthibitisho mgumu huchoka upesi, na wengi wa wakubwa wa fani hii waliliheshimu jambo hilo. Henri Poincaré wa Ufaransa alijiwekea takribani saa nne za kazi kwa siku, mbili asubuhi na mbili jioni. G. H. Hardy wa Cambridge alifanya kazi asubuhi, na majira ya joto alasiri yake ilikuwa ya kriketi, mchezo alioupenda mpaka uzeeni.

Wapo pia wanaoamini kwamba wenye hesabu ni dhaifu wa mwili. Mwanahisabati Harald Bohr alikuwa katika timu ya kandanda ya Denmark iliyoifunga Ufaransa 17–1 kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908 na kurudi na medali ya fedha; miaka miwili baadaye alitetea tasnifu yake ya uzamivu. Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, alikimbia marathoni ya mwaka 1947 kwa saa 2, dakika 46 na sekunde 3. Tokyo mwaka 2021, Anna Kiesenhofer wa Austria, mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati na asiye na mkataba na timu yoyote ya kulipwa, alishinda dhahabu ya mbio za baiskeli za barabarani akiwa ametangulia mbali, hata mshindi wa pili alifika mwisho akishangilia kwa kudhani kwamba yeye ndiye wa kwanza.

Dhana ninayoisikia sana hapa kwetu ni ya bao. Mwalimu wa hesabu akiketi penye bao la kete, watazamaji hutarajia ushindi wa haraka. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 za kunamua, akiziingiza moja moja hadi ziishe, ndipo mchezo uingie kwenye mtaji, hatua ya kucheza kwa kete zilizomo ubaoni tu. Mzee aliyekulia barazani huona kete zitakapokomea kabla mkono wake haujaondoka shimoni, na hujua lini aitunze nyumba, lile shimo maalumu la kulimbikizia kete, na lini aivunje. Ujuzi huo haupatikani chuoni, na mwenye shahada hufungwa kama mgeni mwingine yeyote. Kweli, mwanahisabati Emanuel Lasker alikuwa bingwa wa dunia wa sataranji kuanzia mwaka 1894 hadi 1921, na mwaka 1905 alichapisha kazi muhimu katika aljebra. Lakini mfano mmoja hauthibitishi kanuni, na wa kwanza kulisema hilo angekuwa mwanahisabati.

Iliyobaki ni dhana inayojificha ndani ya sifa: kwamba burudani ya mwanahisabati lazima iwe hesabu iliyovaa kanzu. Mara nyingine ni kweli, kwani mwanahisabati Ronald Graham, aliyewahi kuongoza chama cha kimataifa cha warusha mipira hewani (wanaorusha na kudaka mipira kadhaa kwa mfululizo), alishiriki kuandika nadharia kuhusu urushaji huohuo. Ila watu huitumia hoja hii hata penye ushairi, wakisema Omar Khayyam, mwanahisabati na mshairi wa Uajemi, alitatua milinganyo ya kipeo cha tatu na kutunga mashairi kwa sababu mizani nayo huhesabiwa. Kwa mantiki hiyo Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, naye aitwe mwanahisabati, kwa kuwa mishororo yake ina mizani 16. Na ipo burudani isiyo na hesabu kabisa: mwanahisabati Sofia Kovalevskaya alipata tuzo ya akademia ya sayansi ya Paris mwaka 1888 kwa utafiti wa mzunguko wa kitu kigumu, kisha akachapisha kumbukumbu za utoto wake. Kitabuni humo anasimulia maisha ya shambani kwao Urusi, dada yake na walezi wao, na msomaji anaweza kukifurahia pasipo kujua mlinganyo hata mmoja.