Mlipuko ukija, nani aogope? Maswali ninayoulizwa kliniki

Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya kisukari na presha. Tangu UVIKO-19 iingie Tanzania Machi 2020, mabishano ya kijiweni yamekuwa yakinifuata hadi kwenye chumba cha kupimia presha. Huyu anasema tulitishwa bure, yule alizika ndugu wawili ndani ya mwezi mmoja na hataki kusikia mzaha. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura imekwisha, lakini redio ikitaja mlipuko mwingine wowote, maswali yanarudi yaleyale. Nayajibu kama ninavyoulizwa.

Sista, mimi nina miaka 27, nafanya mazoezi, siumwi chochote. Mimi corona inanihusu nini?

Ni kweli kwamba vijana wengi wenye afya waliugua siku chache wakapona, na wengine hawakujua hata kama wameugua. Hapo kwenye kutojua ndipo shida ilipo. Virusi vya corona huanza kumtoka mtu siku moja au mbili kabla hajakohoa. Kijana anashinda kwenye daladala, jioni anarudi nyumbani, anakaa chumba kimoja na baba mwenye kisukari, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu. Yeye atasema "mafua yamenibana kidogo". Baba yake wiki ijayo anatafutiwa mtungi wa oksijeni.

Halafu piga hesabu ya mtaa. Huu ni mfano tu: ugonjwa unaua mtu mmoja kati ya kila wagonjwa 200, na mtaa wenu una watu 4,000. Nusu yao wakiugua, ni misiba 10. Ukijiangalia mwenyewe utaona hatari ni ndogo, na huongopi. Mwenyekiti wa mtaa anahesabu misiba kumi, naye haongopi. Mabishano mengi niliyoyasikia yalikuwa ya watu wawili wa namna hii, kila mmoja na hesabu yake mkononi.

Mbona sisi Waafrika ilitupitia mbali?

Iligusa nchi zetu kwa namna tofauti, na sababu kubwa ni umri. Karibu nusu ya Watanzania hawajafika miaka 18, wakati Italia karibu mtu mmoja kati ya wanne ana miaka 65 au zaidi. Corona iliwaelemea wazee, kwa hiyo palipo na wazee wengi vilio vilikuwa vingi. Kwamba damu ya Mwafrika inakataa corona, hapana.

Sababu ya pili ni kuhesabu. Tanzania iliacha kutoa takwimu mwanzoni mwa Mei 2020, wakati huo wagonjwa waliotangazwa wakiwa 509 na vifo 21, na ukimya huo uliendelea zaidi ya mwaka. Mapema mwaka 2021 tulisikia matangazo ya misiba yakisema marehemu alipata "changamoto ya upumuaji". Dunia nzima kulikuwa na pengo la namna hiyo: kwa miaka 2020 na 2021 vifo vilivyoripotiwa vilikuwa milioni 5.4 hivi, lakini Shirika la Afya Duniani lilipokadiria vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida, lilipata karibu milioni 14.9.

Kliniki kwetu kuna kabati la mafaili. Mwaka ule nilipoyapanga upya, niliweka pembeni yale ya wagonjwa walioacha kuja. Wengi hawakupimwa corona, kwa hiyo sitasema nini kiliwaondoa. Nasema tu kwamba rundo lile halikuwahi kuwa kubwa vile.

Kwa nini wenye kisukari na presha wanatajwa kila mara?

Sukari ikikaa juu muda mrefu, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, zinazubaa. Mishipa midogo ya moyo, figo na macho inakuwa imeshachakaa. Presha nayo imeuchosha moyo kwa miaka. Virusi vikijaza mapafu uvimbe, oksijeni inapungua na moyo unatakiwa kusukuma zaidi, wakati hauna akiba. Ongeza kwamba homa yenyewe hupandisha sukari. Uzito uliopitiliza na ugonjwa wa figo huingia kwenye hesabu hiyohiyo.

Sehemu hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu wapo watu wengi mitaani wenye kisukari au presha na hawajui. Anayejiita "sina ugonjwa wowote" mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kupimwa.

Basi mimi mwenye kisukari nifanye nini kabla mlipuko haujafika?

Anza na dawa. Mwaka 2020 wapo walioogopa kuja hospitali wakakaa bila dawa, wakaletwa hali mbaya kwa sukari tupu, bila corona yoyote. Usingoje kidonge cha mwisho ndipo ukumbuke tarehe. Mwombe mhudumu akuandikie za muda mrefu zaidi inapowezekana, na mwambie mtu mmoja nyumbani jina la kila dawa yako. Mama mmoja hunijia na vidonge vyake vyote kwenye kopo la chai, vimechanganyika, anavitambua kwa rangi. Kiwanda kikibadilisha rangi amepotea, na akizidiwa usiku hakuna wa kumweleza daktari anameza nini. Vidonge viache kwenye pakiti zake.

Ukianza kuugua, pima sukari mara nyingi kuliko kawaida na kunywa maji. Anayechoma insulini asiiache kwa kuwa hajala, aulize apunguze au aongeze kiasi gani. Anayemeza metformini, kidonge cha kushusha sukari, akitapika au kuharisha sana aulize kabla hajaendelea.

Na kuna dalili zisizosubiri asubuhi: kushindwa kumaliza sentensi bila kuhema, midomo kugeuka bluu, kifua kubana, kuchanganyikiwa, kusinzia kusiko kwa kawaida. Mwenye kile kipimo cha kidoleni, oksijeni ikishuka chini ya asilimia 94 asibaki nyumbani. Wazee wengine hawahisi kuhema hata oksijeni ikiwa imeshuka, kwa hiyo msimwamini akisema "niko salama" huku hajui leo ni siku gani.

Nyungu inasaidia?

Mvuke unafungua pua na kumpa mtu nafuu, sibishi. Mwarobaini, mchaichai na majani ya mkaratusi vinanukia vizuri na bibi zetu walivitumia kwa mafua. Lakini virusi vikishaingia ndani ya chembe za mapafu, mvuke hauvifuati huko, na mwenye pumu anaweza kubanwa zaidi. Nimewahi kusafisha mapaja ya mtoto wa miaka sita yaliyoungua: alikuwa chini ya blanketi na mama yake, akateleza, sufuria ikapinduka. Mtoto asiingizwe kwenye nyungu.

Waliochanja si waliugua pia?

Waliugua, ndiyo. Chanjo ya UVIKO-19 ilikuwa hodari zaidi katika kuzuia mtu asizidiwe na asife kuliko kuzuia mafua yenyewe. Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, tarehe 28 Julai 2021, ilitumika ile ya Janssen, ya dozi moja. Chanjo hiyo ilikuwa na madhara adimu ya damu kuganda, kwa watu wachache kati ya kila milioni moja, na mtu alikuwa na haki ya kuambiwa hivyo. Nilipowaeleza wagonjwa wangu wazi, wengi walikunja mkono wa shati. Walionikatalia ni wale waliosikia habari hiyo kwanza kwa jirani, wakaona tumewaficha.

Mbona wataalamu wanabadilika? Mara barakoa hazihitajiki, mara zivaliwe.

Ilitokea. Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake kuhusu barakoa Juni 2020, baada ya kuonekana kwamba hata asiyekohoa anaambukiza. Ushauri ulifuata ushahidi, ingawa ulicheleweshwa na ulielezwa vibaya.

Na Marburg je? Huko nako wazee ndio wa kuogopa?

Hapana, na swali hili nalipenda. Kila ugonjwa una walio hatarini wake. Marburg, homa kali ya virusi inayoweza kumtoa mtu damu, haiendi kwa hewa kama corona. Inapita kwenye damu, matapishi na majimaji ya mgonjwa au marehemu. Kagera mwaka 2023 waliugua watu 9 wakafa 6, mhudumu wa afya akiwemo. Mwanzoni mwa 2025 huko Biharamulo waliohesabiwa walikuwa 10, na wote walifariki. Huko wa kulindwa kwanza ni anayeuguza, anayefua shuka na anayeosha maiti, hata kama ana miaka 20 na kifua cha chuma. Mpox, ile ndui ya nyani, nayo hupita kwa kugusana ngozi, na huko Kongo (DRC) imewatesa sana watoto. Kwa hiyo mlipuko ukitangazwa, uliza kwanza unapitaje. Jibu hilo ndilo litakuonyesha nani ndani ya nyumba yako asogezwe pembeni.

Sista, bibi yetu ana presha, na dada yake amefariki wakati kikohozi kimeenea. Tumzuie asiende msibani?

Kama marehemu hakufa kwa ugonjwa wa aina ya Marburg, mimi singemzuia. Kumnyima kumlilia dada yake nako ni kumuumiza. Aende asubuhi watu wakiwa wachache, akae nje chini ya turubai upande wenye upepo, asiingie chumba kilichojaa kina mama. Avae barakoa inayofunika pua, na mjukuu mmoja akae naye awaombe watu wasimkumbatie. Mkono kifuani unatosha, watamwelewa. Dawa yake ya presha ya saa mbili ameze kabla hamjatoka, maana msibani mtasahau.