Paraleli poti ni nini hasa, na kwa nini waya wa USB hauiokoi skana yako ya zamani

Ukigeuza kompyuta ya miaka ya tisini utaona nyuma kuna tundu refu la pini 25 zilizopangwa safu mbili, ile ndo paraleli poti. Wengi tuliizoea kwa jina la "tundu la printa" na jina lenyewe halijakosea, maana IBM walipoiweka kwenye PC yao ya 1981 walikuwa wanafikiria printa tu, skana haikuwepo kichwani mwa mtu.

Kwa nini paraleli? Kwa sababu biti 8 zinaondoka kwa mkupuo, kila moja na waya wake, kuanzia pini ya 2 mpaka ya 9. USB yenyewe inazipeleka moja nyuma ya nyingine ila kwa kasi kubwa mno, ndo maana imeshinda.

Sasa shida ya skana za zamani, zile zilizochomekwa kwenye tundu hili hili, inaanzia hapa. Poti ilitengenezwa kutoa data, sio kupokea. Printa ilipewa nyaya 5 tu za kujibu, za kusema niko bize, karatasi zimeisha, kuna hitilafu, basi. Skana kazi yake ni kinyume kabisa, inamwaga picha nzima kuingia kwenye kompyuta, kwa hiyo mafundi wakabuni ujanja wa kupitisha picha kwenye zile zile nyaya za kulalamikia karatasi, biti 4 kwa wakati, yaani nusu baiti nusu baiti! Ukurasa wa A4 wa rangi kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni kama megabaiti 26, tuseme inapita kilobaiti 100 kwa sekunde, hapo unasubiri dakika nne na ushee. Ndo zikaja njia za EPP na ECP ambazo zinapeleka na kurudisha baiti nzima, na mwaka 1994 zote zikaingizwa kwenye kanuni moja inayoitwa IEEE 1284. Kama bado una mashine yenye poti yake halisi ingia BIOS kwanza (ile mipangilio ya msingi unayoifungua kompyuta inapoanza kuwaka) uangalie imewekwa EPP au ECP, watu wanahangaika wiki nzima kumbe ni hapo tu.

Haya, ule waya wa USB kwenda paraleli unaouzwa kila duka. Mimi nimeshaliwa hela, muuzaji aliniapia unafanya kazi na kila kitu, nimefika home kompyuta inaniambia nimechomeka printa. Na haikudanganya, kwa sababu ndani ya ule waya kuna chipu inayojua kuongea kiprinta tu. Haitengenezi poti. Programu ya skana ya zamani haiongei na "kifaa", inaenda yenyewe kwenye anwani ya poti, yaani namba ya mahali poti ilipo ndani ya kompyuta, kwa kawaida 378 kwa hesabu za heksa (za msingi wa 16), inaanza kuchezea pini moja moja kwa mkono wake. Kwa ule waya anwani hiyo haipo, ni sawa na kubisha hodi kwenye kiwanja ambacho nyumba haijajengwa.

Kinachosaidia ni kadi ya PCI Express yenye paraleli poti ya kweli, unaichomeka ndani ya deskitopu (wenye laptopu poleni), ila soma boksi uone wameandika EPP. Nayo ina kasheshe yake, inapewa anwani nyingine sio 378, na draiva (programu za kuongoza kifaa) za enzi za Windows 98 mara nyingi hazijui kutafuta kwingine. Halafu draiva zenyewe ni za biti 16 au 32, wakati Windows 11 ipo ya biti 64 tu na haikubali draiva ya biti 32 hata uipigie magoti.

Ndo maana mi nasema achana na Windows uhamie mfumo wa Linux kwa kazi hii. Kuna mradi wa programu za skana unaitwa SANE, wana draiva za skana za paraleli za UMAX, Mustek, Plustek na Canon, sio modeli zote lakini. Mfano UMAX Astra 1220P inatumia draiva ya umax_pp, unawasha moduli ya ppdev (kipande cha Linux kinachoruhusu programu zifike kwenye poti), unajiongeza kwenye kundi la lp (la watumiaji wenye ruhusa ya poti), unatoa alama ya komenti (#) kwenye jina la draiva ndani ya faili la dll.conf, ile orodha ya draiva za SANE, kama imezimwa, kisha unaandika amri ya scanimage -L uone kama imeonekana. Na kama una kompyuta kuukuu yenye poti yake imekaa stoo, iweke hiyo Linux uiache pembeni na skana yake, SANE inaweza kugawa skana kwa mtandao na wewe ukaskani ukiwa kwenye laptopu yako mpya.

Kingine, hii sio USB ya kuchomoa na kuchomeka unavyojisikia, zima vyote kwanza ndo uunganishe, unaweza kuunguza poti. Na angalia chini au ubavuni mwa skana, nyingi zina kiloki cha kuzuia kichwa kisitembee wakati wa kusafirisha, ukisikia inakwaruza kama mashine ya kukoboa jua hujakifungua.