Kukokotoa ufa katika kauri za feroelektriki: anzia kwenye domeni

Kauri za feroelektriki, kama titaneti ya bariamu na PZT (mchanganyiko wa risasi, zirkoniamu na titani), ndizo zinazofungua sindano za mafuta katika baadhi ya injini za dizeli na kupokea mwangwi katika mashine za ultrasaundi. Zikitiwa umeme hubadili umbo. Zikibanwa hutoa umeme. Lakini ni kauri: huvunjika ghafla, na katika zile za tabaka nyingi ufa huanza mara nyingi pale elektrodi (utando wa chuma unaopeleka umeme) inapokomea ndani.

Chanzo ni domeni, yaani kipande cha fuwele ambamo seli zote zimeelekeza chaji zao upande mmoja. Katika halijoto ya kawaida seli ya titaneti ya bariamu si mchemraba kamili: upande mmoja umezidi mingine kwa takriban asilimia 1. Ikigeuzwa nyuzi 180, chaji hubadili mwelekeo na umbo hubaki lilelile. Ikigeuzwa nyuzi 90, upande mrefu hulala, umbo nalo hubadilika. Domeni zilizo kati ya elektrodi mbili hugeuka na kurefuka. Zilizo nje ya ukingo hubaki kama zilivyo. Hapo mpakani sehemu moja huivuta nyingine hadi kauri ipasuke.

Kanuni inayotumika sana ni ya Hwang, Lynch na McMeeking, ya mwaka 1995: domeni hugeuka pale kazi ya umeme ikijumlishwa na kazi ya mkazo inapofikia 2PsEc. Ps ni polarizesheni ya asili, yaani kiasi cha mtengano wa chaji ndani ya domeni bila umeme wa nje; Ec ni uga wa umeme unaotosha kuigeuza. Tuchukue Ps ya kulombi 0.3 kwa mita ya mraba na Ec ya volti milioni 1 kwa mita: kizingiti ni jouli 600,000 kwa mita ya ujazo. Kwa badiliko la umbo la asilimia 1, mkazo peke yake unatosha kugeuza domeni kwa nyuzi 90 ukifika megapaskali 60. Kwa nyuzi 180 mkazo haufanyi kazi yoyote, hata uwe mkubwa namna gani.

Sasa sogea kwenye ncha ya ufa. Ukinzani wa kauri hizi dhidi ya ufa ni kama megapaskali 1 mara kipeuo cha pili cha mita, hivyo mkazo wa megapaskali 60 hufika takriban mikromita 44 mbele ya ncha. Chembe za kauri zina mikromita chache tu, kwa hiyo chembe nyingi zinageuka kabla ufa haujasogea. Kugeuka huko hula nishati na huweza kuibana ncha. Modeli isiyohesabu kugeuka huko hukosea nguvu ya kuvunja.

Makosa mengine hutokea kwenye programu. Programu huigawa kauri katika vipande vidogo viitwavyo elementi. Elementi iliyoharibika ikipunguziwa ugumu tu, umeme huendelea kupita kana kwamba kauri ni nzima. Ikifanywa kihami kamili, uga kwenye ncha hutiwa chumvi. Ipe permitiviti (uwezo wa kupitisha uga wa umeme) ya hewa, nayo ifuate upana wa ufa. Uharibifu usiruhusiwe kupungua mzigo ukiondolewa, ingawa domeni zinaweza kurudi. Na ukitumia mbinu ya uga wa awamu, ambayo huchora mpaka kama badiliko la polepole badala ya mstari mkali, ukuta wa domeni una nanomita chache tu: weka elementi kadhaa ndani ya unene huo, la sivyo ukuta utanasa kwenye wavu wa elementi na usisogee.

Kabla ya kuweka ufa wowote, endesha modeli kwenye kipande kizima. Itoe kitanzi cha histeresisi (polarizesheni dhidi ya uga unaopanda na kushuka) na mchoro wa kipepeo wa badiliko la umbo dhidi ya uga huohuo, kisha rudia kipande kikiwa kimebanwa. Kitanzi kikilingana na vipimo lakini kipepeo kikakataa, kosa liko kwenye kugeuka kwa nyuzi 90. Lirekebishe hapo kwanza.