Shilingi yako inang'aa sawa, lakini inang'aa aje?

Watu hutuletea sarafu hapa makumbusho kila mara, zingine zimefungwa vizuri na shashi, zingine zimetoka tu mfukoni pamoja na funguo (hiyo tafadhali acheni), na swali huwa ni lilelile: hii ni prufu? Niitume Marekani ipimwe gredi, yaani ipewe namba ya hali yake? Ukimuuliza mtu kwa nini anadhani ni prufu anakwambia, si unaona vile inang'aa. Na hapo ndio shida iko, kwa sababu kung'aa kuko kwa aina tatu na moja kati ya hizo inakuharibia bei kabisa.

Kwanza tuelewane, prufu si usafi wa sarafu, prufu ni vile ilitengenezwa. Sarafu ya kawaida, ile ya kununua maziwa, inagongwa mara moja na mashine ya kasi, inadondoka kwa pipa juu ya wenzake na inapata mikwaruzo hapohapo kiwandani kabla hata haijaona benki. Prufu nayo, ule muhuri wa chuma unaoigonga unasuguliwa mpaka unakuwa kama kioo, kile kipande kitupu cha kugongwa pia kinasuguliwa, halafu inagongwa zaidi ya mara moja kwa nguvu nyingi na inatolewa kwa uangalifu. So prufu ikizungushwa mfukoni mpaka ichakae bado ni prufu, imechakaa tu, na shilingi ya kawaida hata isipoguswa na mtu miaka hamsini haigeuki kuwa prufu.

Haya, kung'aa kwa kwanza ni huko kwa prufu. Sogeza maandishi ya gazeti karibu na ile sehemu tupu isiyo na picha, utaona herufi zimejitokeza ndani. Kwa nyingi za siku hizi, picha yenyewe inakuwa nyeupe kama imepigwa na baridi na sehemu tupu inakuwa nyeusi ukiinamisha. Lakini usiishie hapo, angalia ukingo: wa prufu umesimama, kona yake ni kali, na herufi zimekatika safi mpaka chini. Nasema hivyo kwa sababu muhuri ukiwa mpya, sarafu za kawaida za kwanza kwanza zinaweza kutoka na kioo kiasi, na hizo ndizo huchanganya hata wazoefu. Na historia pia inasaidia. Mwaka wa 1966 Kenya ilitoa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 za kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Kenyatta, hizo hazikutengenezwa za kununulia sukuma wiki. Shilingi moja ya mwaka huohuo iliyotoka kwa kopo la nyanya, uwezekano mkubwa ni ya matumizi.

Kung'aa kwa pili ndio mimi napenda zaidi. Chuma kikigongwa kinasukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni, na kinaacha vimistari vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Zima zile taa ndefu za dari, washa taa moja ya meza, shika sarafu kwa ukingo juu ya kitambaa laini na uizungushe pole pole. Kama haijatumika utaona mwanga unakimbia kuzunguka, kama spoku za baiskeli. Vile vimistari vikishasuguliwa havirudi, hata ufanye nini.

Kung'aa kwa tatu ni kwa Brasso. Ama limau, majivu, stilwaya, kila nyumba na dawa yake. Hapa mwanga haukimbii, umelala tu kila mahali, na ukiweka lenzi ya mara 5 au 10 unaona mikwaruzo myembamba inaelekea upande mmoja, na uchafu umebaki kwa kona za herufi mahali kitambaa hakingefika. Wapimaji wakiona hivyo hawakupi namba ya gredi, wanakuandikia tu imesafishwa, na ada umeshalipa. Sarafu nyeusi iliyozeeka yenyewe ni afadhali mara kumi, iacheni!

Sasa kuchakaa. Chukua ile shilingi ya East Africa yenye simba na milima nyuma, ambayo kuanzia 1921 hadi 1946 ilikuwa na fedha robo tu. Angalia manyoya ya shingo ya simba na mwili wake, maana sehemu zilizoinuka ndizo huliwa kwanza. Manyoya yakipotea usikimbilie kusema imetumika, inaweza kuwa iligongwa kwa nguvu kidogo. Tofauti ni hii: ikiwa iligongwa vibaya, mwanga bado unapita juu ya hapo palipo laini, ikiwa imechakaa pale juu pamebadilika rangi na pamefifia.

Gredi zenyewe ni 1 mpaka 70, mfumo uliotokana na ule wa William Sheldon, Mmarekani mkusanyaji wa sarafu, wa 1949, na kuanzia 60 ndio isiyotumika. Prufu inatumia namba hizohizo ila inawekewa herufi zake mbele.

Kabla ya kutuma kwa kampuni za kupima gredi, PCGS kule California ama NGC kule Florida, jumlisha ada, posta, bima na kurudishiwa, halafu linganisha na bei ambayo hiyo sarafu inauzwa kweli, si ile bei umeona mtu ameandika TikTok. Shilingi ya Moi iliyotumika haitarudisha hata nauli yake. Iweke kwa albamu, ila si ile ya plastiki laini yenye harufu, hiyo plastiki ya PVC inatoa utelezi wa kijani unaokula chuma.