Kathedrali si kanisa kubwa

Siku hizi Kampala kila kanisa lenye minara na uwanja mpana wa magari hupachikwa jina la kathedrali. Kathedrali ni kanisa lenye kiti cha askofu wa jimbo, basi. Kwa Kigiriki kathedra ni kiti, na neno limetufikia kwa njia ya Kilatini. Zamani mwalimu alifundisha ameketi, na askofu vivyo hivyo, hivyo kiti kikawa alama ya mamlaka yake. Ukubwa wa paa haumo katika maana hiyo, wala umri wa matofali.

Kiswahili chenyewe kimetuponza kwa "kanisa kuu", maana wengi husikia "kubwa". Ukuu huo ni wa cheo: mkuu wa shule anaweza kuwa mfupi kuliko wanafunzi wake. Waganda nao husema lutikko, neno linalofanana mno na entikko, yaani kilele cha kilima. Kwa kuwa kathedrali za Namirembe (ya Waanglikana) na Rubaga (ya Wakatoliki) zimekaa vileleni, mtu hudhani kilima ndicho kinacholipa kanisa hadhi.

Ukitaka uhakika, tazama upande wa altare. Katika kathedrali ya Kikatoliki kiti cha askofu ni kimoja, hakihamishwihamishwi, na mara nyingi kina nembo yake. Padri anayeongoza misa hakikalii hata kama ndiye paroko, yaani padri msimamizi wa hapo. Ana kiti chake kando. Askofu akifa kiti hubaki wazi, na kanisa halipotezi jina.

Jengo lenyewe laweza hata kutoweka. Namirembe ya Waanglikana iliangushwa na dhoruba mwaka 1894, nyingine ikaungua kwa radi mwaka 1910, na hii ya kuba tunayoiona ikawekwa wakfu mwaka 1919.

Panapokosewa zaidi ni Nsambya, kilima kingine cha Kampala. Wamisionari wa Mill Hill walifika mwaka 1895, shirika la Kiingereza lakini la Kikatoliki, wakati Ukatoliki Buganda ulihesabiwa kuwa dini ya wamisionari Wafaransa wa Rubaga. Wakapewa kilima chao, na Nsambya ikawa na askofu wake. Mwaka 1966 jimbo hilo likaunganishwa na jimbo kuu la Rubaga kuwa Jimbo Kuu la Kampala, kiti kikawa Rubaga, katika kanisa lililowekwa wakfu mwaka 1925. Mtakatifu Petro Nsambya likabaki kanisa la parokia bila tofali hata moja kuondolewa. (Parokia nayo si jengo: ni eneo, watu wake na paroko wao.) Kilima cha Nakasero kilikwenda kinyume chake: kanisa la Watakatifu Wote likapata hadhi ya kathedrali Waanglikana walipounda Dayosisi ya Kampala mwaka 1972.

Na Namugongo, walipouawa mashahidi wa Uganda, je? Kila tarehe 3 Juni umati unafurika pale, na kanisa la Wakatoliki ni basilika, cheo kinachotolewa na Papa. Lakini askofu mkuu hana kiti chake pale. Huenda kama mwenyeji wa siku kuu, kisha hurudi Rubaga.

Kwa hiyo mgeni akiulizia "kathedrali ya Nsambya", mwelekeze kwa upole kanisa la Mtakatifu Petro. Ikiwa anamtafuta askofu mkuu wa Kikatoliki, mwitie boda impeleke Rubaga.