Umejuaje? Balagha katika simulizi za uhalifu wa kweli

Jioni moja kwenye kijiwe cha kahawa Ujiji, mkoani Kigoma, kijana mmoja aliweka simu mezani akaongeza sauti. Msimulizi mwenye sauti nzito alikuwa anaeleza mauaji ya mchuuzi wa dagaa katika mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, mmoja wa mkoa wetu. "Usiku ule mbalamwezi ilikuwa imetanda juu ya Ziwa Tanganyika. Kwa mbali, karabai za wavuvi zilimetameta kama mji unaoelea..." Watu walinyamaza. Hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake. Mzee mmoja aliyemalizia ujana wake majini akatema ganda la karanga, akauliza: "Mbalamwezi, halafu karabai? Hao walikwenda kuvua nini?"

Kijiwe kikaangua kicheko. Kwa asiyekaa kando ya ziwa, jambo lenyewe ni hili: dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, maana hufuata mwanga. Mwezi ukipevuka taa inakosa nguvu. Mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, na wavuvi wanabaki nchi kavu kama watu wengine. Msimulizi hakuuona usiku ule na wala hakumuuliza aliyeuona. Aliuremba tu.

Urembaji huo ni tawi moja la balagha, yaani ufundi wa kupanga na kupamba lugha ili anayesikia avutike, aamini, au atazame upande unaotakiwa. Wengi wetu tulikutana na neno hili darasani kupitia swali la balagha, lile linaloulizwa bila kungoja jibu. Balagha peke yake si uongo. Wakili anaitumia, mhubiri anaitumia, na mama anayembembeleza mtoto ameze dawa anaitumia kuliko wote hao.

Simulizi ya uhalifu wa kweli nayo ni masimulizi ya kosa la jinai lililotokea hasa, la watu halisi, lakini yanayosimuliwa kwa ufundi wa hadithi: wahusika, mandhari, taharuki na mgogoro. Hapo ndipo inapoachana na riwaya ya upelelezi. Marehemu Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya na mzaliwa wa Kigoma hii hii, alipomtumbukiza mpelelezi wake Joram Kiango hatarini, msomaji alijua Joram ni mtu wa karatasini. Akipigwa risasi, hakuna nyumba inayoweka matanga. Kwenye uhalifu wa kweli matanga yameshawekwa, na mara nyingi kuna mtu yuko mahabusu anangoja tarehe ya kesi. Kwa sababu hiyo mbinu zote nitakazozitaja nazipima kwa swali moja, lile ambalo kijiwe chochote humuuliza anayesimulia: umejuaje?

Nianze na alama za nukuu, ambazo watu wengi huzipita bila kuzitazama.

Hapohapo Ujiji pana kumbukumbu ya mahali Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone mwaka 1871. Mgeni anayefika pale huja na sentensi moja kichwani: "Daktari Livingstone, nadhani?" Sentensi hiyo tumeipata kwa Stanley mwenyewe, mwandishi wa gazeti, katika maandishi aliyochapisha baada ya safari. Kurasa za shajara yake zinazohusu siku ile zilichanwa, na Livingstone katika maelezo yake hakuitaja. Huenda aliitamka. Huenda ilimjia akiwa njiani kurudi, kama majibu mazuri yanavyotujia sote tukishaondoka kwenye ugomvi. Kukutana kulikuwepo, ila maneno hayana shahidi wa pili. Hata hivyo ukimuuliza mtu leo anakumbuka nini, atakupa maneno.

Huko palikuwa na salamu tu, hakuna aliyeumia. Tuje kwenye kesi. Shahidi wa kijijini Kasulu anaweza kuwa alimweleza jirani yake jambo kwa Kiha, lugha ya kwao. Polisi wakaliandika kwa Kiswahili. Mahakamani akalisema kwa Kiswahili, jaji akalinukuu kwa Kiingereza, kwa kuwa ni mwaka 2021 tu sheria ilipobadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Hukumu nyingi unazozikuta TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, zimeandikwa kwa Kiingereza. Msimulizi anaichukua hukumu hiyo, anairudisha kwenye Kiswahili, kisha anafungua nukuu: "Nitakumaliza!" Neno hilo lilitoka mdomoni likiwa lipi? Lilikuwa "nitakukomesha"? "Utanitambua"? Sisi tunaoishi na lugha hii tunajua kwamba "utanitambua" hutamkwa kila siku sokoni na hakuna anayezikwa. Kwenye shitaka la mauaji lakini, kilichotamkwa kabla ya tukio ni sehemu ya kupima kama mtu alikusudia au hakukusudia, na kwa sheria yetu kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa. Kwa hiyo usemi wa taarifa, ule wa "shahidi alieleza kwamba marehemu alitishiwa", ni mzito kusomeka, haunogi redioni, na ndio ninaouamini.

Wakubwa wa fani nao waliteleza. Truman Capote wa Marekani aliandika juu ya familia ya watu 4 iliyouawa Holcomb, Kansas, Novemba 1959. Kitabu chake, In Cold Blood, kilitoka mwaka 1966 na mwenyewe akijinadi kwamba kimejaa ukweli mtupu. Baadaye ikajulikana kuwa kipande cha mwisho, pale mpelelezi anapozungumza na msichana makaburini, hakikutokea. Naelewa kilichomsukuma. Wauaji walinyongwa Aprili 1965, na kumwacha msomaji chini ya kitanzi ni kumwacha pabaya. Alitaka kumsindikiza mpaka nje. Hicho ni kipaji, lakini ndiyo maana tangu hapo watu wanakipekua kitabu kizima wakitafuta kipi kingine kiliongezwa.

Mbinu inayofuata haifanani na mbinu hata kidogo. Ni kuchagua jina la kumwita mtu. Polisi wakimkamata, ni mtuhumiwa. Akisomewa shitaka, ni mshtakiwa. Hawi muuaji mpaka mahakama imtie hatiani, na Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla kosa halijathibitika. Msimulizi mjanja anaanza na "inadaiwa" moja kwenye aya ya kwanza, kama mtu anayepiga hodi, kisha akishaingia ndani anasahau adabu zote: "alimvizia", "akachomoa kisu", "nyoka huyu mwenye sura ya binadamu". Ile "inadaiwa" ya mlangoni haiwezi kubeba sentensi thelathini.

Kuna mfano mmoja nimeuona mara nyingi mno, nao unanikera kuliko yote. Kesi ya mauaji kwa kawaida huanza kutajwa katika mahakama ya chini, ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza. Itasikilizwa Mahakama Kuu. Kwa sababu hiyo mshtakiwa hatakiwi kukiri wala kukana. Mwandishi wa habari huandika vizuri tu: "mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote." Wiki mbili baadaye kisa kinaingia kwenye simulizi na sentensi hiyo imeota mabawa: "Aliposomewa shitaka aliinamisha kichwa. Hakuwa na la kujibu." Utaratibu wa mahakama umegeuzwa kuwa dhamiri inayomsuta mtu. Msikilizaji ameshahukumu, naye anaamini kwamba amehukumu kwa ushahidi.

Swali la balagha lina kazi yake pia. "Je, kwa nini mjane hakutoa chozi?" Msimulizi hajasema lolote juu ya mjane, na wengi wao huamini kwamba swali haliwezi kuwafikisha mahakamani kwa kashfa. Wewe uliyesikiliza umeshamtazama mjane kwa jicho lingine. Umejuaje kwamba hakulia? Nani alikaa naye usiku kucha?

Halafu kauli ya kutendwa. "Alikutwa amefariki", "alishambuliwa", "aliuawa". Wakati mwingine ndiyo kauli ya haki, kwa kuwa aliyetenda hajulikani. Wakati mwingine anajulikana fika na kitenzi kimetumika kumfichia jina, hasa akiwa mume, au mtu mwenye cheo.

Taharuki siigombi. Bibi aliyetutambia ngano naye alikuwa anakatiza pale pale Sungura anaposhikwa mkia, anasema tukalale. Ila Sungura hana duka mtaani. Msimulizi wa uhalifu anajua tangu mwanzo kwamba jirani wa marehemu alihojiwa siku tatu akaachiwa bila shitaka, lakini anaiweka taarifa hiyo dakika ya arobaini. Kwa dakika zote hizo jirani, ambaye bado yupo, bado anauza sukari na sabuni, anakuwa ndiye. Wanaozima simu dakika ya thelathini wanabaki na jirani huyo huyo kama mhalifu maisha yao yote. Ndugu wa taharuki ni kisengere mbele, yaani kudokeza mapema litakalotokea: "hakujua kwamba hicho kingekuwa kikombe chake cha mwisho cha chai." Kweli hakujua. Hata mimi ninayeandika sijui changu ni kipi. Kwa sentensi hiyo kikombe cha kawaida kinakuwa dalili, na mtu aliyekimimina anaanza kutiliwa shaka.

Upande wa Tabora na mikoa jirani ipo balagha nyingine ya aina yake, ya maneno matatu tu: "imani za kishirikina". Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa huko kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Simulizi ikishatamka maneno hayo matatu, upelelezi wa msimulizi umekwisha. Haulizwi tena nani alirithi shamba, nani alikuwa na ugomvi wa mpaka, nani alimwita mganga wa ramli na kumlipa. Hata neno "kikongwe" linamzeesha mtu mpaka asionekane kuwa na jina, wajukuu na shamba la karanga. Wanaoyatumia wengi hawana nia mbaya. Maneno yamezoeleka, yanajaza pengo la sababu, na yanamfanya msikilizaji wa mjini aridhike kwamba mambo hayo ni ya huko.

Nirudi kwenye mbalamwezi, kwa kuwa kijiweni hatukuishia kwenye kicheko.

Mtu anaweza kusema taswira ni pambo, mwezi uwepo usiwepo maiti ni ile ile. Mahakama zetu hazioni hivyo. Shahidi akisema alimtambua mtu usiku, anabanwa: kulikuwa na mwanga gani, ulitoka wapi, ulikuwa mkali kiasi gani, alisimama umbali gani, alimtazama kwa muda gani, na je, alikuwa anamfahamu kabla? Maswali hayo yanatajwa katika hukumu mpaka leo kwa kurejea uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1980, ulioonya kwamba ushahidi wa kuona kwa macho ni dhaifu na hautegemewi mpaka uwezekano wa kumfananisha mtu uondolewe wote. Watu wameachiwa huru kwa sababu shahidi alisema "kulikuwa na mwanga wa taa" bila kueleza ni taa ipi na ilikuwa wapi.

Kijana alipotuliza kicheko chetu tuliendelea kusikiliza. Ikafika mahali mwanamke mmoja aliyekuwa anaanua dagaa alimtambua mshtakiwa akikimbia kati ya mitumbwi. Yule mzee akainua kidole, na kijana akasimamisha simu.

"Kama karabai zilikuwa majini, basi lilikuwa giza. Na kama mwezi ulikuwepo, basi mitumbwi ilikuwa imejaa pale mchangani na wenyewe wapo, wangemwona watu hamsini. Sasa huyu mama alikuwa katika usiku upi?"

Kijana akarudisha nyuma dakika mbili, akaisogeza simu katikati ya meza, tukainama wote kusikiliza upya. Msimulizi alipita pale pale bila kusimama. Alikuwa ameshahamia kwenye nyayo mchangani.