Picha za watu wa nyumbani bila flashi, anzia msanani

Kama uko Lamu mjini na una kamera, au hata simu ya kawaida tu, basi studio ushajengewa kitambo, huna haja ya taa wala ile miavuli ya flashi. Mi kazi yangu ni picha za arusi upande wa wanawake, na wasichana wanaotaka kuingia kazi hii wakinijia huuliza kamera gani, lenzi gani, bei gani, hakuna anaeuliza mwanga unaingilia wapi. Na mi huwajibu vile vile kila mmoja: rudi nyumbani, mkalishe mamako msanani, ule ukumbi mwembamba ulio wazi upande wa uwanja wa ndani ya nyumba, mpige picha, alafu msogeze hatua moja ndani umpige tena, kisha ziweke hizo picha mbili pamoja uzitazame sawasawa.

Nyumba ya mawe ya kizamani haina madirisha ya maana kwenye ukuta wa njiani. Mwanga wote unashuka kiwandani, ndio huo uwanja wa ndani ulio wazi juu, alafu unaingia vyumbani kwa upande mmoja tu, unakuja msana wa tini (wa chini), unakuja msana wa yuu (wa juu) ulio nyuma yake, ndio ufike ndani, na kila ukipita sakafu inapanda kidogo na giza linazidi. Vyumba vyenyewe ni virefu lakini vyembamba, manake upana umefungwa na urefu wa boriti za mikoko, mara nyingi hata mita 3 hazifiki, kwa hivo hatua moja tu ya kuelekea ndani inabadilisha sura ya mtu kabisa. Ukimkalisha mtu ukingoni pa kiwanda mwanga ni mwingi lakini unamvamia kutoka utosini, macho yanaingia kwenye mashimo. Mrudishe hatua moja, mpaka dari limfunike kichwa, sasa mwanga unamjia kutoka mbele badala ya juu, macho yanafunguka. Hatua ya pili na ya tatu picha inaanza kuwa nzito, nyuma yake kunazama gizani na uso peke yake ndio unabaki. Zote ni picha nzuri lakini si picha moja, na mpaka uzione kwa mtu yule yule hutojua unachagua nini.

Ndio maana nasema jizoeze na watu wa nyumbani. Uso wa mamako unaujua hata taa zikizimika, kwa hivo kitu chochote kilichobadilika pichani utajua ni mwanga umefanya na si yeye. Alafu mteja hana subira hio, wewe mwambie bibi arusi "hebu rudi nyuma kidogo, hapana, mbele tena" uone kama hatokuchukia na zile hina hazijakauka.

Mama akiwa anachagua mchele ni wakati mzuri kuliko yote, manake ametulia, mikono ina kazi, na hana habari na kamera. Muelekeze sawa na kiwanda kwanza: uso wote unang'aa, mikunjo inapotea, bibi zetu hii ndio wanaipenda. Sasa mwambie ageuze kigoda kidogo, robo tu. Upande mmoja wa uso unaanza kuingia kivuli, pua inatoa kivuli chake, na kwenye shavu la mbali inabaki pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Wapiga picha dunia nzima wanauita mwanga wa Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, lakini hapa kwetu huhitaji kwenda Uholanzi, unahitaji kigoda. Akigeuka zaidi ya hapo ile pembetatu inavunjika, uso unagawanyika nusu kwa nusu, na kwa mtu mzima kila mkunjo unasimama. Kuna wanaopenda hivo, mi nauliza kwanza.

Na tazama huo uteo wenyewe ulioko mapajani. Mchele mweupe unarudisha mwanga juu, kidevu na chini ya macho vinapata mwanga laini bila wewe kufanya kitu. Mwambie auweke chini pembeni uone vile shingo inavyoingia giza ghafla. Hio ndio kazi ya rifleta, watu wanauziwa pesa nyingi mjini Mombasa kitu ambacho shuka nyeupe au leso ya rangi hafifu ingekifanya. Hata ukuta wa chokaa ukiwa upande wa pili wa uso unafanya kazi hio hio, ndio maana vivuli vya nyumba ya zamani ni laini. Cha kuangalia kabla hujabonyeza ni macho: kama hakuna kile kinyota cheupe cha mwanga kwenye mboni, jicho litaonekana limekufa, mwambie ainue kidevu au ageuke kidogo mpaka kinyota kitokee, ikiwezekana upande wa juu wa jicho. Kikitokea chini ujue mwanga unapigwa kutoka sakafuni, na hio hutokea sana saa za mchana jua likiwa limeingia kiwandani, sakafu nyeupe inawaka, na mtoto akisimama ukingoni anaonekana kama amewekewa tochi chini ya kidevu.

Kama nyumba yenu si ya zamani usijali, tafuta mlango. Mlango ulio wazi, jua lisiingie moja kwa moja, mtu akae hatua moja au mbili ndani, ni ule ule mwanga. Dakani, kile kibaraza cha mlangoni, pia pazuri. Chini ya mwembe si pazuri vile watu wanavyofikiria, manake majani yanapitisha madoa ya jua na doa moja likikaa kwenye paji la uso picha imekwisha.

Rangi sasa. Siku hizi viwanda vingi vimefunikwa turubai la buluu kwa ajili ya mvua, na wallahi hakuna kitu kinachoharibu ngozi ya mtu pichani kama turubai la buluu, watu wote wanatoka kama wagonjwa na hakuna programu ya simu itakayowaponya vizuri. Lifunue, au hamia chumba kingine. Ukuta wa kijani kibichi vile vile, ukimsimamisha mtu karibu nao shavu la upande huo linakuwa kijani. Na zima taa ya chumbani, hata kama unaona inasaidia. Balbu ya njano na mwanga wa mbingu haviendani, nusu ya uso inakuwa njano na nusu ya pili buluu, ukirekebisha moja unaharibu nyingine. Kivulini mwanga wenyewe unaelekea ubuluu kidogo manake unatoka mbinguni na si kwenye jua, kwa hivo kwenye kamera, pale pa kupanga rangi (white balance), weka ile alama ya nyumba yenye kivuli na ngozi itarudi na joto lake.

Lakini penye shida hasa kwetu ni kanzu na buibui. Kamera haijui inatazama nini, inachojua ni kutafuta wastani, kila kitu kitoke kijivu cha katikati. Ami yako akikaa na kanzu nyeupe imejaa picha nzima, kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na uso wa ami unakuwa mweusi hata pua huioni. Shangazi akivaa buibui kinyume chake, kamera inaona giza, inaongeza, na uso unaungua. Kwa hivo ami muongezee, moja hivi kwenye kile kipimo cha kuongeza na kupunguza, na shangazi mpunguzie. Kwa simu bonyeza uso, shikilia mpaka ifunge, alafu vuta kile kijua juu au chini. Wakiwa pamoja, pima uso na usijali sana kanzu, ila iache na mikunjo kidogo, isiwe karatasi.

Fungua albamu za nyumbani za rangi za miaka ya 1970 uone, kanzu zinawaka na nyuso hazina kitu ndani. Si fundi peke yake alokuwa mbaya. Kodak kwa miaka mingi walikuwa wanawapa wenye maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ndio ilokuwa kipimo cha ngozi ya kila mtu. Mafundi wa pwani walijua namna ya kuzunguka hayo yote kwa mkono. Hapa Lamu, Omar Said Bakor alikuwa na studio yake tangu miaka ya 1960 na alikuwa akikata picha na kuziunganisha mpaka mtu akatokea ndani ya kitu ambacho hakuwahi kukaribia, hio ni kazi ya mtu aliejua vizuri kamera inaweza nini na haiwezi nini.

Ngozi nyeusi haitaki mwanga mwingi, inataka mwanga mpana. Inaonekana kwa ule mng'ao wa kwenye paji, pua na mfupa wa shavu, na ukiwa na chanzo kikubwa kama kiwanda kizima mng'ao unakuwa mrefu na laini, ukiwa na kitu kidogo kama flashi ya simu unakuwa kitone kimoja cheupe. Kwa hivo usimpake mtu poda ya kufuta mng'ao wote, na usiongeze mwanga kwenye programu mpaka bibi akawa rangi ya chai ya maziwa wakati yeye ni turungi, chai isiyo na maziwa.

Wanaotaka picha za nje nawaambia hivi, mji wetu unatazama mashariki, unatazama kisiwa cha Manda. Asubuhi jua linakupiga usoni pale forodhani, ukingoni mwa bahari, watu wanakunja macho, na jioni jua linashukia nyuma ya mji, kwa hivo ile picha ya machweo baharini ulioiona kwenye simu usiitafute forodhani. Mi napenda forodhani jioni kwa sababu hio hio, mji wote umeshatia kivuli na mbingu ya upande wa bahari bado nyeupe, ni mwanga laini tupu. Ila fanya haraka. Huku tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima, linazama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arubaini hivi mwaka mzima, na likishazama una dakika ishirini hivi, basi. Mchana wa mwezi wa tatu na mwisho wa mwezi wa tisa jua linapita karibu sawa na utosi, usitoke. Masika mawingu yakitanda, toka saa yoyote.

Watoto usiwapange. Shata, ile kasi ya kamera kufunguka na kufunga, isiwe chini ya 1/250 ya sekunde, ISO, wepesi wa kamera kushika mwanga, ipande tu hata 1600, picha yenye chengachenga ni afadhali kuliko iliotikisika, wape mahamri uwasubiri. Kundi la familia lipange sambamba na kiwanda, wote umbali mmoja kutoka kwenye mwanga, manake ukiwapanga kuelekea ndani wa mwanzo atawaka na wa mwisho atapotea, na tundu la lenzi usilifungue sana, f/5.6 au namba kubwa zaidi, au nusu ya ukoo itatoka ukungu.

Na jambo ambalo mi ndio kazi yangu kulisema: mama na dada wakiwa nyumbani hawajajifunika, hio picha ni yao, si yako. Ongea nao kabla, waoneshe kwenye skrini, wakisema futa unafuta mbele yao. Kwenye simu zima ile ya kupakia picha zenyewe mtandaoni, manake watu wanasahau, mara picha ya mama imetokea kwenye tabuleti ya mtoto wa jirani alieingia kwa akaunti yako.

Miwani ndio huulizwa mwisho kila mara. Usimvue mtu miwani aliovaa maisha yake yote, wajukuu hawatomjua. Mwinulie vishikio kidogo juu ya masikio ili vioo viinamie chini, ile mbingu ya kiwandani inatoka kwenye vioo na macho yanaonekana, na kwenye picha hakuna atakaejua miwani imekaa upande.